Sanduku Nyuma ya Mlango

Mama yangu hajui kukaa. Watu wa Msambweni wanaomfahamu watakwambia hivyo hivyo: Bi Rukaya ukimkaribisha kiti atakushukuru, atakipangusa kwa ncha ya leso, kisha atasimama kando yake. Kule kwetu hilo halikuwa tatizo. Nyumba ilikuwa na ua, ua ulikuwa na kisima na kuku, na majirani hawakuishiwa haja. Lakini mimi naishi Crystal, ng'ambo kwenye nchi ya theluji, fleti ya vyumba viwili, na ikifika Desemba mlango wa hapa haufunguliwi ovyo.

Hadithi hii ni yake, ila itabidi nianze na kosa lake, maana nililibeba miaka minne bila kulitua.

Nilipomzaa Sauda, binti yangu wa kwanza, Mama alikuja kunikalisha arobaini. Kwetu pwani mzazi haachwi peke yake siku arobaini zile. Mama yake au khalati yake humkanda kwa maji ya moto, humfunga mkaja tumboni, humnywesha uji wa pilipili manga, na humkataza kugusa hata ufagio. Mama alikaa siku kumi na tisa. Asubuhi ya siku ya kumi na tisa aliniambia anarudi kwake, na alasiri Faiz, mume wangu, akampeleka uwanja wa ndege. Nilibaki na kitoto kichanga, na kidonda cha kupasuliwa, na siku ishirini na moja za kujikalisha mwenyewe. Ilikuwa Februari, na Faiz alikuwa kazini kutwa.

Sikumwambia kitu. Kila Ijumaa tulizungumza kwa simu. Alinitumia hina na viungo kwa kila msafiri aliyekuja huku, mimi nikamtumia picha za Sauda, na siku ya kumi na tisa hatukuitaja hata kwa fumbo. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Cha kwangu kilikuwa kinajitafutia siku.

Nilipopata mimba ya pili, daktari alinipangia tarehe mapema: kumi na moja Januari, nitapasuliwa tena. Nilimpa Mama habari hiyo kwa simu kama mtu anayesoma hali ya hewa. Sikumwomba aje. Nina kiburi, sikatai, na nimekirithi kwake. Baada ya wiki mbili akaniambia amepata ndege, atafika mwanzo wa Desemba. Nikasema karibu. Moyoni nikasema, tutaona kama mara hii utafika ishirini.

Alikuja na sanduku moja la kijani, la magurudumu, akalisimamisha nyuma ya mlango wa chumba cha Sauda ambamo angelala. Nilikuwa nimemwachia droo tatu katika kabati. Akatoa kanga mbili na magauni mawili. Siku ya pili akayafua, akayaanika karibu na hita, akayakunja, akayarudisha sandukuni na kufunga zipu. Akatoa mengine mawili. Droo zikabaki tupu. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, nilipita kuangalia kama sanduku lipo, nikiliangalia kama unavyomwangalia mbwa wa jirani aliyekwisha kukuuma mara moja.

Nyumba yenyewe ilimtesa. Faiz huendesha gari la kubeba wasafiri wa uwanja wa ndege na mara nyingi zamu yake huanza adhuhuri, kwa hiyo asubuhi yupo nyumbani. Mama hali mbele ya mkwewe, wala hanyooshi miguu. Basi asubuhi nzima alijifungia chumbani, amesimama dirishani na leso kichwani, akihesabu magari yaliyozikwa na theluji. Faiz akiondoka, Mama hutoka na kuanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Akimaliza atafungua mlango wa kibarazani, atachungulia nje, atafunga. Baada ya robo saa atafungua tena, kana kwamba theluji imeahidi kuondoka na yeye anataka kuwa wa kwanza kujua.

Na mimi sikuwa bora kuliko yeye. Duka ninalouza mabuibui na manukato nilikuwa nimeliacha tangu mwezi wa saba wa mimba kwa amri ya daktari. Miguu imevimba, usingizi hauji, kitabu sisomi hata ukurasa ukaisha. Tulikuwa wanawake wawili wasiojua kukaa, tumekalishwa pamoja, na baina yetu siku kumi na tisa.

Aliyetuokoa ni Peris, jirani wa mlango unaotukabili. Peris ni Mkisii, anafanya kazi ya kuwasaidia wazee katika nyumba yao huko Brooklyn Center, na ni mtu asiyebisha hodi mara mbili. Siku moja aliingia kuniletea mboga, akamkuta Mama amesimama dirishani, akamtazama kama anavyowatazama wagonjwa wake.

"Mum, hii winter hungojei iishe," akasema. "Ukiingoja itakumaliza. Vaa buti tutoke."

Mama akamcheka. Kwetu ubaridi ni ugonjwa unaoingia mifupani, na mtu mwenye akili haufuati nje. Lakini Peris alikwisha kwenda kuleta buti zake, na soksi jozi tatu, na koti kubwa la zamani, na nadhani Mama alikubali kwa sababu ndiyo mara ya kwanza tangu afike mtu alimwambia afanye jambo badala ya kumwambia apumzike. Wakatoka. Nilikaa kwenye kochi nikihesabu dakika, nikimwona ameteleza, amevunjika nyonga, na mimi na tumbo langu hili siwezi hata kumwinua.

Walirudi baada ya saa nzima. Mama hakuvua koti. Alikuwa amebeba bua moja refu, kavu, lenye kichwa cha hudhurungi mfano wa mshikaki kwenye kijiti. Nyuma ya majengo yetu kuna kidimbwi, na pembeni mwake matete ya namna hiyo yamejaa. Mimi nimeyapita miaka sita bila kuyatazama. Akakiminya kichwa kile kwa kidole gumba, na pamba nyeupe, laini, ikafura ikamwagika mkononi mwake.

"Lubna," akasema, "hapa kuna sufi, na watu wanaipita tu."

Hapo sina budi kueleza. Babu yangu, baba yake Mama, alikuwa fundi wa magodoro ya sufi. Misufi ya Msambweni ilipopasua matunda yake, Mama na ndugu zake waliyaokota, wakayaanika juani hadi yakapasuka vizuri, wakapiga sufi kwa fimbo ili mbegu zitoke. Mama alijua kuchambua sufi kabla ya kujua kusoma. Nusu ya mji ule ililala juu ya kazi ya mikono yao, mpaka yalipokuja magodoro ya sponji na babu akaweka sindano yake ndefu juu ya kabati, asiishushe tena. Mama hakuwahi kutuzungumzia mambo hayo kwa huzuni. Siku ile, sufi ile ya uongo aliifumba mkononi, asiiachie.

Tangu hapo akawa hazuiliki. Alitoka kila siku, kwanza na Peris, kisha peke yake. Alice, bibi wa Kizungu anayesimamia majengo yetu, alimwambia matete yale yanamsumbua kila mwaka, ayachukue yote akipenda. Nilimtafsiria Mama, naye akamshika Alice mkono kwa mikono miwili kama aliyepewa shamba. Alirudi na mashavu yamekaza kwa baridi, akituhadithia nyayo za sungura juu ya barafu, na ndege mdogo mwenye kofia nyeusi anayemfuata tawi kwa tawi, na ukimya wa nje ambao, alisema, haufanani na ukimya wa ndani, kwa kuwa ule una nafasi ya kutembea. Alileta majani makavu ya matete, akayaloweka bafuni yakawa laini, akasokota kata tatu za kutulia sufuria za moto. Alileta vijiti vyekundu akavifunga kwa uzi kuwa kiango cha kutundikia miiko. Jioni Sauda alikaa miguuni pake akishika ncha ya jani, akiulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, na wote wawili wakielewana bila taabu.

Nyumba ilianza kunukia majani. Nilianza kupumua. Lakini sanduku lilikuwa palepale, zipu imefungwa, na droo tupu.

Wiki moja kabla ya mwaka mpya nilikwenda kliniki, Faiz akanipeleka, na Sauda tukaenda naye. Mama alibaki na mifuko miwili mikubwa ya vichwa vya matete. Akafanya kama alivyofundishwa na baba yake: akatandika shuka chini, akavipanga vichwa mbele ya hita, akazidisha joto badala ya jua. Tunda la msufi ukilipasha moto hupasuka taratibu, likapiga miayo, na sufi ikabaki ndani inakungoja. Mama hakujua kwamba tete la hapa halingoji mtu.

Tulipofungua mlango, upepo wa ukumbi uliingia pamoja nasi, na chumba kizima kikainuka. Sijui niseme vipi. Hewa ilikuwa nyeupe. Sufi ilikuwa kwenye kochi, kwenye pazia, kwenye sufuria ya wali, kwenye ndevu za Faiz kabla hajavuka kizingiti. Sauda akapiga kelele za furaha kwamba theluji imeingia ndani. Katikati ya hayo yote Mama alisimama na leso imemdondoka mabegani, mweupe kuanzia nyusi hadi vidoleni. Nami jicho langu likaenda kwenye kitanda kidogo cha mtoto, kile nilichokuwa nimekipangusa na kukitandika siku iliyopita. Kilikuwa kimejaa pomoni.

Faiz ni mtu wa busara. Alinitazama usoni mara moja tu, akambeba Sauda na kugonga kwa Peris.

"Mama, mimi sikukuomba sufi," nikasema. "Nilitaka siku arobaini."

Akairudisha leso kichwani.

"Ulinikimbia siku ya kumi na tisa. Nilikuwa siwezi kuinuka kitandani bila kushika ukuta, na wewe ulikuwa ndegeni. Sasa umeniletea taka za kidimbwi mpaka kitandani kwa mtoto, na sanduku lako liko nyuma ya mlango, hulifungui. Ukitaka kwenda, nenda leo. Usiningoje nizae."

Nilidhani atafoka. Mama si mtu wa kupokea maneno mawili bila kurudisha manne. Badala yake alikaa. Alikaa kwenye kochi, juu ya sufi yake, bila kukaribishwa, na mimi nikaogopa kuliko kama angenipiga.

"Nilikukimbia," akasema. "Sitakudanganya."

Kisha akanieleza, polepole, akijinyofoa sufi vidoleni. Alikuja mara ile na mkaja ulioshonwa na nyanya yangu, daktari akasema tumbo lililopasuliwa halifungwi. Akachemsha maji ya kunikanda, muuguzi akasema kidonda kisiguswe. Akawasha chetezo anifukize, kengele ya moshi ikalia, jengo zima likatoka nje kwenye theluji, wazee na watoto, wote wakimtazama yeye. Hilo nalikumbuka. Nakumbuka pia nilichomwambia tuliporudi ndani, nikiwa na maumivu na aibu: Mama, kaa tu, tafadhali usifanye chochote. Hiyo ilikuwa siku ya kumi na nane.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Mama akasema. "Mimi mlinipa kochi. Nilikuja na mikono yangu, mkaniambia niiweke. Nikasema moyoni, huyu mtoto hanihitaji, nakaa hapa namlia chakula na kumjazia nyumba."

Nikamwambia nilimhitaji. Akasema sasa anajua. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Alipofika Msambweni aliendelea kuhesabu. Kila asubuhi aliamka akapika uji wa pilipili manga, bakuli moja, ule wangu, akampelekea binti mmoja wa jirani aliyekuwa ndiyo kwanza amejifungua. Alifanya hivyo asubuhi ishirini na moja, mpaka arobaini yangu ikatimia. Ndipo akaosha sufuria akaiweka.

Nililia mpaka mtoto akanipiga teke. Nilikuwa na hasira bado, nataka ieleweke hivyo. Bakuli la uji lililonywewa na mtu mwingine Msambweni halikunifikia Crystal. Lakini hasira ilikuwa imepata mwenzake wa kukaa naye. Sikumuuliza kama mara hii atafika arobaini, naye hakuahidi.

Peris aliingia na mashine yake ya kufyonza vumbi. Mama akamzuia mlangoni. Mashine itaipeperusha, akasema, babake aliituliza sufi kwa maji. Akachukua chupa ya kunyunyizia maua, akanyunyiza hewa yenyewe, kona hadi kona, na ule weupe ukaanza kushuka. Tukaizoa kwa viganja vilivyoloweshwa, sisi watatu, mimi nikiwa nimekaa kama malkia wa vumbi na ndoo mapajani. Tulizoa mpaka Maghribi, na hata leo ukitikisa pazia langu utaikuta.

Tukiwa katika kazi hiyo ndipo Peris, akipiga tu soga, akasema mtu aliyepasuliwa tumbo huambiwa akumbatie mto kwa nguvu akitaka kukohoa, kucheka au kuinuka, ili kidonda kisivutike. Wagonjwa wake hufanya hivyo hivyo. Mama akaacha kuzoa.

"Mto wa ukubwa gani?" akauliza.

Peris akamwonyesha kwa mikono. Mama akautazama ule upana baina ya mikono ya Peris kwa muda mrefu, kisha akaniangalia tumbo, akipima.

Kesho yake alitaka marudufu, kile kitambaa kizito cha kushonea magodoro. Faiz akatupeleka Frogtown, kwenye duka moja la vitambaa barabara ya University, la mama wa Kihmong, mtu wa mashariki ya mbali, asiyejua Kiswahili, na Mama hajui hata Kiingereza. Hawakuhitaji. Kila kitambaa alichoonyeshwa Mama alikiweka mdomoni akapuliza. Pumzi ikipenya kwa urahisi, sufi nayo itapenya. Ndivyo fundi wa magodoro anavyochagua. Yule mama alimwangalia mara mbili, akaenda nyuma, akarudi na jora la kitambaa kizito cha buluu chenye mistari, akakiweka mdomoni mwake mwenyewe, akapuliza, akatikisa kichwa kwamba haipiti. Wakacheka kwa pamoja, wazee wawili, mimi nimesimama katikati kama mzigo.

Mama alishona kwa mkono, kitambaa maradufu, mshono juu ya mshono. Kujaza alijazia bafuni, mlango umefungwa, leso imefungwa puani, chupa ya maji kando. Mto ulikwisha siku mbili kabla ya hospitali. Ulikuwa mzito kidogo, umejaa vizuri, na ukiukumbatia unanukia nyasi kavu.

Mtoto wetu wa kiume, Bashir, alizaliwa salama. Siku ya pili, muuguzi aliponiambia nikohoe ili nisafishe kifua, nilijua maumivu yanayokuja kwa kuwa niliyajua ya zamani. Nikaushika mto wa Mama tumboni, nikaukumbatia, nikakohoa. Kidonda kiliuma, lakini hakikuraruka. Muuguzi akauliza nimeununua wapi. Nikamwambia mama yangu ni fundi wa magodoro, na kwa mara ya kwanza nikasikia jinsi neno hilo linavyokaa.

Arobaini ikaanza. Mara hii tulimpa Mama jembe. Tumbo hakuligusa, lakini miguu na mgongo alinikanda kwa taulo la maji ya moto mpaka nikasinzia. Uji wa pilipili manga ulinichoma koo kila asubuhi, kabla ya jua. Faiz alimnunulia chetezo cha umeme, naye Mama akafukiza nguo zangu na za mtoto nje kibarazani, kisha akaziingiza zingali na joto na harufu ya udi, na kengele ya moshi haikusikia habari hiyo. Hata Faiz alijifunza kubisha hodi kwa kikohozi kabla ya kuingia sebuleni ili mkwewe apate kukunja miguu.

Ungesema nimetulia. Sikutulia. Siku ya kumi nilikuwa nahesabu, ya kumi na tatu nilikuwa nahesabu, na sanduku la kijani lilikuwa nyuma ya mlango. Usiku nikinyonyesha nilijisemea kwamba mtu aliyesema ukweli wake hawezi kurudia kosa. Kukipambazuka nilikwenda kulichungulia sanduku tena.

Siku ya kumi na saba ikaja ile baridi ya kufunga shule. Mama akazuiwa kutoka, na Peris ndiye aliyemzuia. Sauda alikuwa nyumbani, Faiz alikuwa nyumbani, na Mama akarudi chumbani kwake, dirishani, wima. Siku ya kumi na nane ilikuwa vivyo hivyo. Alifungua mlango wa kibarazani mara nyingi kiasi kwamba niliacha kumwambia aufunge. Alasiri, kupitia ukuta, nikasikia zipu. Ilifunguliwa, ikafungwa. Nikasikia magurudumu yakisogezwa.

Ningeweza kwenda kumuuliza, ni hatua sita tu. Kiburi kikanikalisha.

Asubuhi ya siku ya kumi na tisa jua lilikuwa kali na baridi imepungua makali. Faiz alikuwa ameondoka mapema na gari. Hapakuwa na uji mezani. Niliushika mto tumboni, nikainuka, nikaenda mpaka chumba cha Sauda. Nyuma ya mlango palikuwa patupu. Koti halikuwapo, buti hazikuwapo.

Sauda alikuwa mezani na nafaka yake ya maziwa. Nilimuuliza bibi yuko wapi. Akanijibu kwa Kiingereza chake, bila kuinua kichwa, kwamba bibi ametoka na sanduku.

Gari halipo, Faiz hayupo, sanduku halipo. Hesabu ilikuwa rahisi mno. Nilifungua mlango wa kibarazani, sijui nilitaka kufanya nini, labda kumwita mtu aliyekwisha kuwa njiani. Baridi ikanipiga kifuani.

Mama alikuwa kidimbwini. Alikuwa ukingoni mwa barafu, kwenye buti za Peris, akilivuta sanduku la kijani juu ya theluji kwa ukanda, na lilikuwa limefura hadi zipu haifungi, na mabua yamejitokeza kila upande. Nilitaka kumwita, lakini sauti ikageuka kilio na kilio kikavuta kidonda, nikaukumbatia mto kwa mikono miwili na kusimama hivyo mpaka akaniona.

Alikuja mbio, kadiri buti zilivyomruhusu.

"Mzazi wa siku kumi na tisa unasimama mlangoni na baridi hii? Ingia ndani. Unataka ubaridi ukuingie?"

Alijua hesabu. Nilimuuliza nguo zake ziko wapi.

"Droo si uliniachia mwenyewe?" akasema, akikung'uta theluji. "Ya chini imekwama, mwambie mume wako aiangalie. Peris ana mzee wake kule amepasuliwa, anataka mto kama wako, na mifuko ya taka inapasuka kwa mabua haya. Sanduku lilikuwa limekaa bure."

Akaliacha kibarazani, mbali na hita, akafunga mlango. Nilikwenda jikoni nikashika sufuria ili niweke maji ya uji. Akaninyang'anya, akanielekeza kochi.